Giza, mwanga au joto: ni njia ipi inayotengeneza molekuli za kaboni kwenye barafu ya angani?

Ukisoma habari kwamba wanaastronomia wamekuta pombe au sukari nyepesi katikati ya nyota, mshangao ukishapita unabaki na swali moja: vitu hivyo vimetokeaje huko? Hapo ndipo msomaji hupotea, kwa sababu majibu yapo manne na kila moja lina maabara yake, ushahidi wake na watetezi wake. Makala moja itakwambia kwamba mwanga wa urujuanimno ndio uliounganisha atomi. Nyingine itasema ni joto la nyota inayozaliwa. Ya tatu itashikilia kwamba hapakuwa na mwanga wala joto, bali atomi za haidrojeni zilizotua kwenye barafu gizani. Ya nne itaiacha barafu kabisa na kurudi kwenye gesi.

Nimeziweka njia hizi sambamba ili anayefundisha, anayeandika au anayetafuta mada ya utafiti ajue ashike ipi na wakati gani. Sitaficha ninakoegemea. Mtu akinilazimisha nitaje pa kuanzia, nitasema giza. Lakini zipo molekuli, na yapo mawingu, ambayo ukiyapeleka kwenye njia hiyo peke yake utakwama, na nitayataja.

Yasiyo na ubishi

Wanaastronomia huiita molekuli "changamano" ikiwa ina kaboni na jumla ya atomi 6 au zaidi. Mkemia wa kawaida atacheka, maana kwake atomi 6 si kitu. Methanoli, pombe iliyo rahisi kuliko zote na iliyo miongoni mwa ndogo kabisa katika kundi hili, anayo ndani ya chupa rafuni. Lakini wingu zito la angani lina takriban molekuli 10,000 za haidrojeni katika kila sentimita ya ujazo, ilhali hewa tunayovuta ina kama milioni milioni milioni 25 za molekuli katika ujazo huohuo. Mahali patupu kiasi hicho, atomi 6 kukutana na kushikana si jambo dogo.

Na kukutana hakutoshi. Atomi mbili zikigongana ndani ya gesi hubaki na nishati ya ziada, na nishati hiyo isipopata pa kutokea, zinaachana palepale. Ndiyo maana vumbi lina thamani kubwa kuliko wingi wake. Chembe moja ina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya maikromita, imeundwa kwa silikati au kaboni, na vumbi lote kwa pamoja lina uzito wa kama asilimia 1 tu ya gesi inayolizunguka. Kazi yake ni mbili: kuzikusanya atomi mahali pamoja, na kumeza ile nishati ya ziada ili muungano udumu. Hata molekuli ya haidrojeni yenyewe, iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, huundwa zaidi juu ya chembe hizi.

Barafu hujengeka kwa awamu. Kwanza oksijeni na haidrojeni huungana palepale juu ya chembe na kuwa maji, na pamoja nayo hutokea amonia, methani na kaboni dioksaidi. Wingu likizidi kujibana na halijoto ikishuka chini ya kelvini 20 (kipimo kinachohesabu kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa), kaboni monoksaidi iliyokuwa gesi huganda juu ya maji hayo na kufanya tabaka la nje. Unene wote waweza kufika kama safu 100 za molekuli. Mpaka hapa wote wanakubaliana. Wanatengana wanapoulizwa nini kinalipata tabaka hilo la nje.

Njia ya giza

Kwenye kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, karibu kila kitu juu ya chembe kimeganda mahali pake. Kinachozungukazunguka ni atomi ya haidrojeni tu, kwa kuwa ni nyepesi. Chembe moja hupata atomi kama hiyo takriban mara moja kwa siku. Inasikika kama mzaha, lakini fanya hesabu. Wingu likidumu miaka milioni moja, chembe imepokea atomi zaidi ya milioni 300, na barafu yote iliyo juu yake haizidi molekuli milioni mia moja hivi. Haba na haba hujaza kibaba.

Atomi hizo hufanya nini? Moja ikiishika kaboni monoksaidi inapatikana HCO, kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake, kinachoitwa radikali. Ya pili inaigeuza fomaldehaidi. Ya tatu inafanya radikali nyingine, na ya nne inakamilisha methanoli. Hatua nne, atomi nne. Ugumu upo kwenye hatua ya kwanza na ya tatu, ambazo zina kizuizi cha nishati kikubwa mara nyingi kuliko joto lolote linalopatikana kwenye kelvini 10. Kwa fizikia ya mpira na ukuta, mmenyuko usingetokea kamwe. Lakini haidrojeni ni nyepesi vya kutosha kutii sheria za kwanta: haiupandi ukuta, inaupenya. Na kwa kuwa imekaa juu ya barafu muda mrefu ikijaribu tena na tena, uwezekano mdogo wa kupenya unageuka kuwa hakika.

Alexander Tielens na Willem Hagen waliuandika mpangilio huu mwaka 1982, wakati ulikuwa bado hoja ya karatasi. Mwaka 2002 Naoki Watanabe na Akira Kouchi wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walimwaga atomi za haidrojeni juu ya barafu ya maji na kaboni monoksaidi kwenye kelvini 10, wakaona fomaldehaidi na methanoli zikitokea bila taa yoyote kuwashwa. Maabara ya Leiden, Uholanzi, ilithibitisha baadaye kwa vipimo vyake.

Kwa miaka mingi watu waliishia hapo: giza linatoa methanoli, basi, vitu vikubwa zaidi vitafute nishati kwingine. Binafsi naona hapa ndipo mawazo yamebadilika zaidi katika muda wa miaka kumi na kidogo iliyopita. Radikali HCO hazihitaji kusafiri ikiwa zimezaliwa jirani. Mbili zikitokea ubavu kwa ubavu, zinashikana, na haidrojeni zaidi ikija juu yake tunapata glikolaldehaidi, ile inayoitwa sukari nyepesi, kisha ethilini glikoli. Gleb Fedoseev na wenzake walilionyesha hilo Leiden mwaka 2015 kwa kaboni monoksaidi na haidrojeni tu, kwenye baridi kali, bila mwanga. Mwaka uliofuata Ko-Ju Chuang na wenzake waliongeza methili fomati kwenye orodha. Mwishoni mwa 2020 kundi la Sergio Ioppolo likaripoti glisini, iliyo rahisi kuliko zote kati ya asidi amino, yaani matofali ya protini, kwa kemia hiyohiyo ya gizani.

Kuna shahidi mmoja wa angani ninayempenda kuliko wote, naye ni deuteriamu. Hii ni haidrojeni nzito, na katika ulimwengu kwa jumla ipo kama atomi 1.5 kwa kila atomi 100,000 za haidrojeni. Kwa kiwango hicho, methanoli yenye deuteriamu mbili au tatu ingekuwa kitu kisichoonekana kabisa. Hata hivyo, kwenye IRAS 16293-2422, mfumo wa nyota changa katika eneo la Rho Ophiuchi, methanoli yenye deuteriamu tatu ilionekana na ikatangazwa mwaka 2004. Maelezo yake yanataka baridi: gesi ikiwa baridi na kaboni monoksaidi ikiwa imeganda, deuteriamu hujilimbikiza katika ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidrojeni, kisha huachiliwa kama atomi zinazotua kwenye barafu na kuingia kwenye molekuli. Nyota hiyo sasa imewaka na joto lipo, lakini methanoli yake bado ina alama ya mahali ilipozaliwa.

Udhaifu wa njia hii ni mlango wa kutokea. Molekuli iliyozaliwa ndani ya barafu ya kelvini 10 haiwezi kuchemka, na darubini za redio huona gesi tu. Watetezi hujibu kwamba mmenyuko wenyewe hutoa nishati, na mara chache nishati hiyo huirusha molekuli nje. Inawezekana, na maabara zimeliona hilo kwa baadhi ya mimenyuko, lakini kiwango chake hubadilika sana kutegemea barafu ya chini. Kielelezo cha kompyuta kinachotumia namba moja kwa kila molekuli nakitilia shaka tangu mwanzo.

Njia ya mwanga na miale

Hii ndiyo njia kongwe katika maabara. Mayo Greenberg aliianzisha Leiden katika miaka ya 1970, akiamini kwamba mwanga wa urujuanimno hupasua molekuli za barafu, na vipande vyake huungana upya kuwa vitu vikubwa zaidi. Wazo ni jepesi kulieleza, na matokeo yake yanapendeza macho: baada ya kuangaza na kupasha barafu, sahani inabaki na utando wa rangi ya manjano au kahawia.

Mwaka 2002 makundi mawili, moja la Max Bernstein katika kituo cha Ames cha NASA na jingine la Guillermo Muñoz Caro, yaliripoti katika toleo moja la jarida la Nature kwamba utando huo ulitoa asidi amino. La pili lilihesabu asidi amino 16. Mwaka 2016 Cornelia Meinert na wenzake walipata hata ribosi, sukari ya RNA, kutoka kwenye barafu ya maji, methanoli na amonia. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayofikia utajiri huo.

Kabla ya kuichagua kwa sababu ya utajiri, angalia mambo mawili. La kwanza, asidi amino zile zilipatikana baada ya utando kuchemshwa katika asidi kali maabarani. Kilichokuwa kwenye barafu ni watangulizi wake, na kuna umbali kati ya "barafu ilitengeneza asidi amino" na "barafu ilitengeneza kitu kinachotoa asidi amino kikichemshwa". Vichwa vya habari huuruka umbali huo.

La pili ni hesabu ya mwanga. Nje ya wingu, uso wa sentimita mraba hupigwa na takriban fotoni (chembe za mwanga) milioni 100 za urujuanimno kwa sekunde. Ndani ya wingu zito mwanga wa nyota haufiki. Kilichobaki ni mwanga hafifu unaotokea pale miale ya kosmiki inapoisisimua haidrojeni, kama fotoni 10,000 kwa sekunde, pungufu mara elfu kumi. Taa ya maabara inayotoa fotoni milioni mia moja za milioni, yaani 1 yenye sifuri 14, kwa sekunde hupiga kwa muda wa saa moja kiasi ambacho wingu hutoa kwa miaka milioni moja. Jumla ni ileile, mwendo ni tofauti kabisa. Maabarani radikali nyingi huzaliwa kwa pamoja na kukutana. Wingu huzalisha moja, husubiri, na katika kusubiri atomi ya haidrojeni inapita na kuifunga. Isitoshe, fotoni hiyohiyo inayojenga hubomoa. Methanoli iliyopigwa na mwanga mara nyingi hutoka kwenye barafu ikiwa imevunjika vipande.

Miale ya kosmiki yenyewe, protoni na viini vizito vyenye kasi kubwa, huingia mpaka ndani ya barafu na kuacha mkondo wa elektroni. Matokeo yanafanana kwa kiasi kikubwa na ya urujuanimno, kwa hiyo sioni haja ya kuipa safu yake, ila kumbuka kwamba hakuna wingu lililo zito kiasi cha kuizuia yote.

Njia ya joto

Mwaka 2006 Robin Garrod na Eric Herbst walitoa kielelezo kilichoongoza fani kwa zaidi ya muongo. Wingu linaporomoka, nyota inaanza kuwaka katikati, na barafu inayoizunguka haipati joto ghafla. Inapanda polepole kutoka kelvini 10 hadi 100 na zaidi. Ikifika kama kelvini 30, radikali nzito zilizokuwa zimelala, zilizoachwa na mwanga na miale, huanza kutambaa juu ya barafu. Zikikutana zinaungana. Radikali mbili hazina kizuizi kati yao, kwa hiyo kinachotawala ni mwendo tu. Wakati huo haidrojeni haina nafasi tena ya kuzifunga, kwani kwenye halijoto hiyo atomi zake huruka na kuondoka kabla ya kufanya lolote. Kwenye kelvini 100 hivi maji yenyewe huwa mvuke, na kila kilichokuwa ndani hutoka kwa pamoja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inamaliza tatizo la mlango. Inaeleza kwa nini orodha ndefu kuliko zote za molekuli zimetoka kwenye maeneo ya moto: Sagittarius B2 karibu na kitovu cha kundi letu la nyota, Orion KL, na mazingira ya nyota changa zinazofanana na Jua kama IRAS 16293-2422, ambako glikolaldehaidi ilitangazwa mwaka 2012 kwa kutumia darubini za redio za ALMA. Mwaka 2014 Arnaud Belloche na wenzake waliikuta isopropili sianidi huko Sagittarius B2, na kiunzi chake cha kaboni kina tawi, hakikunyooka kama uzi. Tawi hilo linaelezeka vizuri kwa radikali zinazoshikana pembeni mwa mnyororo kwenye barafu inayopashwa. Kwa njia ya gesi halielezeki kirahisi.

Pigo lake lilikuja kutoka kwenye baridi. Mwaka 2010 Karin Öberg na wenzake waliripoti methili fomati na asetaldehaidi katika B1-b, mahali palipo baridi. Mwaka 2012 Aurélie Bacmann na wenzake wakaripoti asetaldehaidi, methili fomati na dimethili etha katika L1689B, kiini cha wingu ambacho hakina nyota ndani yake. Hakuna kelvini 30 pale. Kama radikali haziwezi kutembea, basi hazikutembea, na molekuli zipo. Sidhani kama kielelezo cha 2006 kilikufa siku hiyo, lakini kilipoteza haki ya kudai kwamba kinaeleza kila kitu.

Mshindani wa nje: gesi

Gesi ndiyo ilikuwa jibu la kawaida zamani. Kwa methanoli jibu hilo lilianguka mwaka 2006, pale Wolf Geppert na wenzake walipopima Stockholm hatua ya mwisho ya mnyororo wa gesi na kukuta kwamba ioni inayotarajiwa kutoa methanoli hufanya hivyo kwa asilimia 3 tu. Sehemu kubwa husambaratika. Tangu hapo karibu wote wanaitoa methanoli kwenye barafu.

Lakini gesi imerudi kwa mlango wa nyuma. Methanoli ikishatoka kwenye barafu, gesi inaweza kuendeleza kazi. Nadia Balucani na wenzake walipendekeza mwaka 2015 kwamba katika baridi dimethili etha huundwa gesini, hupokonywa atomi moja ya haidrojeni, kisha atomi ya oksijeni huigeuza kuwa methili fomati. Kwa mawingu baridi hili si wazo la kupuuza, na tayari linahitaji barafu itangulie.

Zikiwekwa sambamba

| Njia | Halijoto inayoifaa | Inachotegemea | Nguvu yake | Inapokwama |
|---|---|---|---|---|
| Giza | kelvini 10 hadi 15 hivi | atomi za haidrojeni na tabaka la kaboni monoksaidi | methanoli, glikolaldehaidi, ethilini glikoli | kuitoa molekuli nje ya barafu |
| Mwanga na miale | yoyote | fotoni au chembe zenye kasi | aina nyingi, hasa zenye naitrojeni | kipimo cha maabara si cha wingu. Hubomoa pia |
| Joto | kelvini 30 hadi 100 | radikali zilizokwisha kuwepo na nyota iliyo karibu | molekuli kubwa, na kutoka nje kwa pamoja | viini baridi visivyo na nyota |
| Gesi | baridi au moto | methanoli na vipande vilivyotoka kwenye barafu | dimethili etha na methili fomati kwenye baridi | methanoli yenyewe |

Jedwali lina hila yake: linakufanya udhani kuna mistari ya wino kati ya safu. Safu ya joto haina radikali isipokuwa safu ya mwanga au ya giza imezitengeneza. Safu ya gesi haina methanoli isipokuwa giza limeitengeneza. Kwa hiyo swali ninaloliona lina faida ni hili: molekuli unayoitazama, hatua yake ya mwisho ilifanyika wapi?

Uchague ipi

Kama mada yako ni methanoli, usipoteze muda, ni giza. Barafu za angani huwa na methanoli kwa asilimia chache hadi kama 10 ya maji yake, na hakuna njia nyingine inayofikia kiasi hicho. Tena mwaka 2023 Melissa McClure na wenzake, wakitumia darubini ya James Webb, waliripoti barafu ya methanoli katika wingu la Chamaeleon I, mbele ya nyota za nyuma zilizo mbali, mahali ambapo hakuna nyota iliyozaliwa bado kupasha kitu chochote.

Kama unatazama kiini baridi kama L1544 au L1689B, changanya giza na gesi, na uiache joto kabisa. Hapa kuna kidokezo kizuri: katika L1544 molekuli changamano ni nyingi zaidi kwenye pete iliyo mbali na kitovu, kama mara 4,000 ya umbali wa Dunia na Jua, kuliko kitovuni kwenyewe. Pale ndipo kaboni monoksaidi inapoanza kuganda kwa wingi, na haidrojeni bado ipo ya kutosha. Anayetaka kuueleza mfumo huo kwa mwanga wa nje peke yake atapata shida, na anayetaka kuueleza kwa joto hana pa kuanzia.

Kama unatazama eneo la moto, joto ndilo litakalokueleza kwa nini unaona kitu, lakini si lazima likueleze kilitengenezwa lini. Kosa hili ni la kawaida hata kwenye makala za wataalamu. Gesi ya kelvini 150 yenye ethanoli nyingi haithibitishi kwamba ethanoli iliundwa kwenye joto. Yaweza kuwa ilikaa barafuni miaka laki kadhaa ikisubiri mlango. Angalia deuteriamu. Ikiwa nyingi, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika gizani. Angalia pia isoma: methili fomati, glikolaldehaidi na asidi asetiki zina atomi zilezile kabisa, kaboni 2, haidrojeni 4 na oksijeni 2, lakini wingi wake hutofautiana sana, methili fomati ikiongoza kwa mbali katika Sagittarius B2. Kielelezo kinachotoa jumla sahihi lakini kikakosea mgawanyo kati ya hizo tatu hakijaelewa kinachoendelea.

Sasa barafu yenyewe inaweza kuulizwa moja kwa moja. Kwa muda mrefu methanoli ilikuwa molekuli changamano pekee iliyothibitishwa ikiwa bado imeganda. Mwaka 2024 Will Rocha na wenzake, kwa James Webb tena, waliripoti ethanoli, asetaldehaidi na methili fomati ndani ya barafu inayozunguka nyota changa mbili, IRAS 2A na IRAS 23385. Kwa mwanafunzi anayechagua mada, ningemsukuma upande huu. Spektra za barafu, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, ni ngumu kusoma, mistari yake ni mipana na hupandana, lakini zinaondoa ule udhuru wa mlango ambao kila njia imekuwa ikijifichia.

Na kama unachotafuta ni asidi amino, uchaguzi unakuwa mgumu kwa kweli. Glisini haijathibitishwa kati ya nyota, ila imekutwa kwenye vumbi la nyotamkia Wild 2 lililoletwa duniani na chombo cha Stardust, na kwenye nyotamkia 67P, ambako chombo cha Rosetta kiliipima na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Taa ya urujuanimno inaweza kuitengeneza, kupitia utando na asidi kali. Giza linaweza, kupitia methiliamini, kwa kiasi kidogo. Hapa sitakupa safu moja. Ukiandika kuhusu glisini ya 67P, taja zote mbili, na usiandike kwamba majaribio ya mwanga ya 2002 yameshalijibu swali, maana yenyewe hayakudai hivyo.